Neno la Siri la Mzee Maduhu

Kompyuta ilimwambia asiizime. Hilo ndilo lililomchoma Generosa kuliko yote: kitu amekinunua yeye, kimekaa juu ya meza yake, kinakula umeme wake, halafu kinampa amri. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa. Alitaka kufungua kazi moja tu, aichape, aondoke. Badala yake kioo kiligeuka bluu, kikaandika kwa Kiingereza kwamba kinajisasisha, tafadhali usizime, asilimia nne.

"Nani kakutuma?" aliiuliza kwa sauti.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kutoa kopi walitazamana. Mmoja akacheka. Generosa alimtupia jicho moja tu, na yule bwana akakumbuka kwamba ana shughuli nyingine sokoni. Watu wa Kagongwa waliijua steshenari ya Mama Nelly, kama walivyomwita Generosa, na walimjua mwenyewe. Barua itachapwa vizuri, haitakuwa na kosa hata la nukta, lakini utasemwa kwanza.

Kazi aliyokuwa akiitaka siku ile haikuwa barua ya mtu. Ilikuwa orodha ya makaburi ya Mwabuluma, kijiji alichozaliwa, ambacho mgodi ulikuwa unakitaka ili upate mahali pa kumwaga mawe yake. Walio hai walikuwa wameshahama tangu mwaka uliopita. Walibaki wafu. Tangazo lilikuwa limebandikwa hadi kwenye mlango wa kanisa: kila kaburi litakaloorodheshwa litahamishiwa makaburi mapya, na kila mtu atawekewa msalaba wake; ambaye jina lake halifanani na lililoandikwa kaburini atazikwa kwenye shimo moja na wasiojulikana, na kaburi lisilokuwemo kabisa litabaki palepale na mawe yatamwagwa juu yake. Mwisho wa kupokea orodha ilikuwa Ijumaa ileile, saa nane mchana.

Mama yake Generosa alikuwa kule. Baba yake alikuwa kule pia, na wadogo zake wawili waliokufa kwa surua kabla hawajajua kutembea.

Alimpigia simu Loveness, karani wa ofisi ya kuhamisha makaburi, akamweleza kwamba mashine ina matatizo, na kama kuna ubinadamu wamwongezee muda mpaka Jumatatu.

"Mama, siwezi," Loveness alisema. "Saa nane nafunga, saa tisa gari linazipeleka. Lete hata iliyoandikwa kwa mkono. Mradi isomeke na majina yafanane na ya kwenye misalaba."

"Kwa mkono! Makaburi mia mbili na kumi na manne!"

"Saa nane, mama," alisema Loveness, na simu ikakatika.

Lakini tatizo halikuwa mkono. Tatizo lilikuwa kwamba, kwa alivyojua Generosa, orodha ile haikuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya mashine, na aliyekuwa nayo kichwani alikuwa amekufa siku kumi na moja zilizopita.

Huyo alikuwa Mzee Maduhu, mdogo wa baba yake, seremala. Kwa miaka hamsini, mtu akifa Mwabuluma, Maduhu ndiye aliyechonga msalaba, akaandika jina kwa msumari uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu. Misalaba mingine ililiwa na mchwa zamani, na mahali pake pakaota nyasi, lakini mzee hakuhitaji msalaba ili ajue nani amelala wapi. Makaburi sabini na moja yalikuwa hayana alama yoyote, naye alisimama juu ya kila moja akalitaja. Kwa wiki tatu alikuja dukani kila mchana, akaketi kwenye kigoda karibu na feni, akataja, naye Generosa akachapa. Walipomaliza lile la mia mbili na kumi na nne, mzee alipumua kwa nguvu, akaomba soda. Aliendelea kuja dukani, na wiki mbili baadaye presha ilimwangusha nyuma ya nyumba, akafa. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe Mwabuluma hukohuko, mawe au si mawe, kwa sababu alitaka kuhama na wenzake.

Asilimia kumi na moja.

Saa nne kasorobo mashine ilijizima yenyewe ikajiwasha. Generosa alikaa sawa kwenye kiti, mkono juu ya kipanya. Lakini haikuleta picha ya maua aliyoizoea. Ilileta maneno meupe yaliyotaka tarakimu arobaini na nane za ufunguo wa kurejesha, na bila hizo haifunguki.

"Ufunguo gani? Mimi nina ufunguo wa mlango na wa kabati!"

Alimwita Januari. Januari alikuwa fundi simu wa kibanda cha pili, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia moja iliyomuudhi Generosa siku zote: hakasiriki. Alikuja na bisibisi sikioni, akaisoma ile skrini polepole, kisha akatafuta kwenye simu yake.

"Mama Nelly, ufunguo upo. Umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta."

"Mwenye kompyuta ni mimi."

"Nani aliifungulia akaunti siku ya kwanza?"

Aliyeifungulia alikuwa Enock, aliyemuuzia kule Kahama. Mashine ilikuwa imekataa kuwaka bila kupewa barua pepe ya mtu, na kwa kuwa Generosa alikuwa na haraka ya kuwahi gari, Enock aliweka ya kwake, akasema watabadilisha baadaye.

"Basi kwa wao, mwenye kompyuta ni Enock," Januari alisema.

"Kwa wao nani? Wao wako wapi? Waje hapa waone jina la nani liko kwenye leseni ya biashara!"

Walimpigia Enock mara tisa. Mara ya kumi alipokea mwanamke, akasema Enock amefuata rashi, dhahabu imetoka mahali huko upande wa Geita, na tangu alfajiri yuko ndani ya duara, shimo la wachimbaji, mita themanini chini ya ardhi. Simu kaiacha juu. Atapanda jioni, au kesho, kutegemea na mawe.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Generosa hakuwa ameazima, alikuwa amenunua kihalali na risiti anayo, na bado alikuwa amesimama uchi mbele ya watu. Alitaka kulia, lakini kwa kuwa Januari alikuwepo aliamua kugombana.

"Usinitazame hivyo. Najua unachotaka kusema."

"Sijasema kitu, dada."

"Unataka kusema Bata."

Bata alikuwa mashine ya pili ya duka, ile ya pembeni karibu na feni. Ilikuwa imezeeka. Mwaka juzi kampuni yenye mfumo wa mashine hizo ilipotoa toleo jipya, mashine iliambiwa haistahili tena, na toleo la zamani nalo likaachwa bila matunzo. Generosa alitaka kuitupa. Januari akaiomba, akafuta kila kitu, akaweka mfumo huria, Linux, ule ambao hauna mwenyewe mmoja. Watu wa nchi mbalimbali wanautengeneza na kuuachia wengine, na anayetaka kuufungua na kuubadilisha hazuiwi. Kibandiko chake kilikuwa na ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, na kwa kuwa Kagongwa hawana pengwini, akaitwa Bata. Ile kubwa, kwa kuitofautisha, Januari aliiita ya Mwenyewe. Generosa alidhani mwenyewe ni yeye.

Bata ilifanya kazi, hilo Generosa hakuweza kulikataa. Iliwaka upesi kuliko ile kubwa, na virusi vya flashi za wateja havikuidhuru. Lakini hakuipenda. Vitufe havikuwa mahali alipovizoea. Barua ikitoka kwenye mashine kubwa ikafunguliwa kwa Bata, majedwali yalikaa upande. Na kila kitu kiliandikwa kwa Kiswahili: Faili, Hariri, Hifadhi. Generosa, aliyejifunza kazi yake yote kwa Kiingereza, alikuwa akitafuta mahali pa kuhifadhi hadi anatukana.

"Ni ya nini hii?" alimuuliza Januari siku ya kwanza. "Kama ni nzuri, kwa nini wanaigawa?"

"Si kwamba ni ya bure, dada. Ni huria. Maana yake…"

"Cha bure ni bure," Generosa alimkata.

Msemo ule ukawa wake. Kila Bata ilipomshinda, alisema: cha bure ni bure. Printa ilipokataa kuelewana nayo, alisema. Mzee Maduhu, aliyekuwa akikaa pale karibu na feni, aliupenda msemo ule kupita kiasi. Aliurudia huku akitikisa kichwa, na akicheka mpaka meno mawili yaliyobaki yanaonekana. Maana mzee ndiye aliyeipenda Bata. Kiingereza hakukijua hata neno, lakini "hifadhi" alilijua. Akiwa na miaka sabini na minne, kwa kidole kimoja, alijifunza kufungua na kufunga, akamwomba Januari amwekee nakala ya orodha mle, awe anaisoma taratibu wakati Generosa anahudumia wateja.

Kisha zikaja habari kwamba kuna watu wanafukia magunia ya pumba kule Mwabuluma na kusimika misalaba juu yake, wapate kuhesabiwa fidia. Wawili walifika dukani wakiwa na tabasamu, wakitaka majina ya babu zao yaongezwe. Mzee hakupenda. Akamwambia Januari aitie nakala ile kwenye sanduku lenye kufuli.

"Nikamtengenezea," Januari alisema sasa. "Ikafika mahali pa neno la siri. Mimi nikageuka nyuma, Mama Nelly, maana ni mzee, siwezi kumchungulia. Akaandika mwenyewe. Nikamuuliza, babu, hutalisahau? Akasema, nitalisahauje, ni ule msemo wa yule binti yangu anaomtukania bata."

Generosa alimtazama.

"Sasa miguu hiyo imesimama inangoja nini? Washa."

Waliwasha. Sanduku lilikuwepo, limeandikwa MAKABULI, na Generosa akasonya kidogo kwa ile herufi. Akavuta kiti, akaandika *chaburenibure*, akabonyeza.

Neno si sahihi. Jaribu tena.

Akaandika kwa kuachanisha maneno. Akaanza kwa herufi kubwa. Akaandika yote kwa herufi kubwa. Akaweka nukta mwishoni, kwa kuwa yeye huweka nukta. Akaweka mkato katikati. Neno si sahihi. Jaribu tena.

"Labda alisema 'kitu cha bure'," Januari alisema.

Haikuwa hivyo. Haikuwa "vya bure", wala "bata wa bure", wala "bure" peke yake, wala "bure" mara tatu. Saa tano ikapita. Mteja alikuja kutaka picha za pasipoti akaambiwa aende akazaliwe upya.

"Hii ikikosea mara nyingi itajifunga?" Generosa aliuliza.

"Hapana. Hii haikufungii. Unaweza kujaribu mpaka mwaka kesho."

"Ndiyo faida hiyo?"

"Na hakuna wa kumpigia simu," Januari alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye ile kubwa ufunguo wako anao mtu mwingine. Hapa anao mwenye sanduku peke yake. Akiondoka nao, ameondoka nao."

Hapo Generosa alilipuka. Alimwambia Januari kwamba mmoja anamnyang'anya ufunguo na mwingine anamwachia aupoteze, na tofauti yao yeye haioni, kwa sababu saa nane ni saa nane. Alimwambia kwamba watu wa kompyuta wote ni wamoja, wawe wanauza au wanagawa, wanatengeneza milango na hawajui kuna watu ndani. Alisema mama yake atalala chini ya mlima wa mawe kwa sababu ya ndege asiyejulikana hata jina. Januari alisikiliza yote, akajibu, "Ni kweli, dada," na hiyo ikamuudhi zaidi.

Saa sita na nusu Mbuke aliingia. Alikuwa mjane wa Maduhu, mama mdogo wa Generosa, bado na kaniki ya msiba kichwani. Alikuwa ametembea kutoka makazi mapya, vumbi hadi magotini, na mkononi alishika kifurushi cha karanga. Januari alimwamkia kwa Kisukuma, akampisha kwenye kigoda, kilekile cha mzee.

"Shikamoo, mama mdogo," Generosa alisema bila kuinua macho.

"Malahaba. Genelosa, ng'wana wane, bado tu?"

Labda ni joto. Labda ni ile "jaribu tena" ya mara ya sitini. Generosa aligeuka na kiti chake.

"Generosa! Re! Ro! Miaka arobaini na saba naitwa Generosa, na hakuna mtu hata mmoja ukoo mzima anayeweza kutaja jina langu!"

Aibu ilimpanda Generosa: anamfokea mjane, tena mjane wa mtu aliyemsaidia. Lakini lilikuwa jambo la zamani lile. Shuleni kwa masista alichapwa rula kwenye vidole kwa kila "l" iliyokaa mahali pa "r", mpaka ulimi ukanyooka, na tangu hapo kila Msukuma aliyemkosea herufi alimkumbusha ile rula. Alikuwa amewasahihisha wote. Alimsahihisha baba yake hadi kitandani alipokuwa anaumwa.

"Nisamehe, mama mdogo. Nina kichaa leo."

Mbuke hakuonekana kukasirika. Alikuwa anamenya karanga.

"Si wewe tu. Mzee naye alikuwa akitoka hapa anakuja nyumbani anacheka. Anasema, leo binti yako kanichapa tena kwa ajili ya bule. Nimesema cha bule, kaniambia si bule. Sasa kama si bule ni nini?" Akatupa karanga mdomoni. "Alikuwa anakupenda, lakini hiyo ya kumchapa ilimchekesha sana."

Mikono ya Generosa ilikuwa imeshaanza kurudi kwenye vitufe, polepole, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Herufi zile zilimwuma kuziandika. *Chabulenibule.*

Sanduku lilifunguka.

Januari alipiga kofi moja, akajizuia. Generosa alikwisha kuanza kushuka na orodha, haraka, jina moja baada ya jingine, na kadiri alivyoshuka ndivyo uso wake ulivyobadilika. Haikuwa orodha yake. Pale alipoandika Maria palikuwa na Malia. Gervas alikuwa Gelevasi. Theresia alikuwa Telezia, Raheli alikuwa Laheli, Petro alikuwa Petelo. Kwa kidole kimoja, mchana baada ya mchana, karibu na feni, yule mzee alikuwa amepitia kazi yake yote na kuirudisha ilikotoka.

"Ameniharibia," alisema. "Wiki tatu nimenyoosha majina ya watu, ameyapindisha yote! Ofisi itasema sisi ni watu gani? Angalia hapa. Angalia, mama yangu mzazi!"

Namba sitini na tatu. *Losa, mke wa Gelevasi, chini ya mkwaju, kichwa kimeelekea njiani.* Yeye alikuwa ameandika Rosa.

"Mama yako msalaba wake umeandikwaje?" Januari aliuliza.

Msalaba wa mama yake Generosa aliujua vizuri. Aliuonea haya tangu siku ya mazishi. Herufi nne nyeusi zilizochomwa kwa msumari, na ya kwanza yake haikuwa R. Kila mwaka alipanga kutengenezesha mwingine ulio sahihi, na kila mwaka shughuli zilimzidi.

"Misalaba yote si alichonga yeye?" Mbuke alisema. "Anajua alichoandika."

Majina yafanane na ya kwenye misalaba. Tangazo lilisema, Loveness alisema, na yeye Generosa, mwenye kuona kosa la nukta kutoka mlangoni, hakusikia. Orodha yake nzuri, isiyo na doa, iliyofungiwa ndani ya mashine ya Mwenyewe, ingekuwa imeshafika ofisini saa tatu asubuhi. Ingefika mapema, imechapwa vizuri, na ingempeleka mama yake kwenye shimo la wasiojulikana. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umeota miaka arobaini.

"Chapa," alisema.

Januari aliunganisha printa. Printa ikawasha taa, ikazima. Akajaribu tena.

"Mama Nelly, hii printa, wenyewe walioitengeneza hawajatoa cha kuifanya ielewane na…"

"Usinieleze. Saa ngapi?"

"Saba na dakika tano."

Generosa alivuta rimu ya karatasi, akampa Januari nusu na kalamu. "Wewe anza mia moja na nane kushuka, piga picha kwa simu usome humo. Mimi naanza juu. Herufi kama zilivyo. Ukisahihisha hata moja nakuvunja mkono."

Waliandika. Mbuke alikaa akiwasomea pale macho yalipochoka. Na kwa kuwa hakujua kusoma sana, alipoona herufi ya kwanza tu alijua ni nani, akataja jina zima na ugonjwa uliomuua. Mkono wa Generosa ulikuwa msaliti. Kila mara ulitaka kuandika R, na kila mara aliuzuia, na vidole vilimwuma mahali palepale pa ile rula. Alipofika sitini na tatu aliandika Losa. Alilitazama jina lile kidogo, akaendelea.

Saa saba na dakika arobaini Januari aliweka kalamu chini. "Mia mbili na kumi na nne nimemaliza. Lakini dada, kuna moja imezidi."

"Haiwezi kuzidi. Nilihesabu mimi."

"Ipo mia mbili na kumi na tano."

Generosa alisogea kwenye kioo. Ilikuwa chini kabisa, imeachwa nafasi, kana kwamba mwandishi alipumzika kwanza. Akasoma kwa sauti kwa sababu Mbuke alikuwa anauliza ni nini.

"*Gelegoli Maduhu. Kando ya kaka yangu Gelevasi. Bado.*"

Siku kumi na moja. Alikuwa amemlilia, amewapikia watu wa matanga, ameshika udongo kwa mkono wake akautupa kaburini. Jana jioni alikuwa ameipitia orodha kwa mara ya mwisho, akarekebisha mikato, akahakikisha makaburi ni mia mbili na kumi na manne, akaridhika. Hakuna mtu katika ukoo wote aliyekumbuka kwamba aliyewahesabu wenzake hajahesabiwa. Generosa aliziba mdomo kwa kiganja. Mawe yangemwagwa juu yake.

Mbuke alicheka kwanza. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mke anayemfahamu mume wake. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kaniki.

"Basi hiyo 'bado' itoe," alisema. "Andika tayali."

Generosa alichukua kalamu. Aliandika namba, akaandika Gelegoli Maduhu, akaandika kando ya nani. Neno la mwisho aliliandika polepole, herufi moja moja, kama alivyoambiwa.

Bodaboda ilimfikisha ofisini saa nane kasoro dakika sita. Dukani nyuma yake ile mashine kubwa ilikuwa bado inadai tarakimu zake arobaini na nane. Loveness alipokea karatasi, akazipekua moja baada ya nyingine akilinganisha na picha za misalaba, akiitikia kwa kichwa kwamba sawa, sawa, sawa. Alipofika ukurasa wa mwisho alisimama, akachukua kalamu nyekundu.

"Mama, hapa umekosea kidogo. Umeandika 'tayali'. Nikusahihishie?"

"Sijakosea," alisema Genelosa. "Gonga muhuri."